Ukurasa wa 15, kichwa chini

Jamaa wa saiba alinipigia simu Jumapili asubuhi, saa mbili haijafika, akaniambia kazi ya kuchapa kijitabu chetu cha katuni imeisha na imetoka safi. Nilipofika nikavikuta vijitabu 40 vimepangwa juu ya kaunta, vimepigwa stepla mgongoni, bado vina joto la mashine. Nikachukua cha juu. Jalada lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia: tuktuk imepinduka mbele ya soko la Kibuye, hapa Kisumu, bila kugongwa na kitu chochote, nyanya zinabingirika barabarani, dereva ananing'inia nje na simu bado iko sikioni. Nikafungua. Upande wa kushoto, pale hadithi inapoanzia, nikakutana na ukurasa wa 15. Kichwa chini.

Kama hujawahi kutengeneza kijitabu cha katuni, chukua karatasi 4 za A4, zibebanishe, zikunje katikati. Umepata kurasa 16. Zipe namba, kisha zifungue. Utaona ukurasa wa 16 na wa 1 wamelala kitanda kimoja, na mgongoni mwao wako wa 2 na wa 15. Kazi yote ya kupanga iko hapo. Mashine ikigeuza karatasi kwa ubavu usio wake, kila kilicho mgongoni kinatoka miguu juu na kubadilishana nafasi na mwenzake. Kwa hiyo msomaji wetu angefungua jalada, akutane na mwisho wa hadithi ukiwa umepinduka kama ile tuktuk, na kulia kwake ukurasa wa 3 umesimama wima kana kwamba hakuna lililotokea.

Jamaa akatazama, akakuna kichwa. "Mashine ilijichagulia," akasema.

Upande mmoja wa karatasi ni shilingi 5. Kijitabu kimoja kina pande 8, yaani shilingi 40, na sisi tulipanga kukiuza kwa 50. Vijitabu 40 ni shilingi 1,600. Hizo zilikuwa zimetoka mifukoni mwa watu wanne, mmoja wao akiwa mwanafunzi.

Niseme kidogo kuhusu hao wanne, maana watu wa Nairobi wakisikia "wachoraji wa Kisumu" wanafikiria kuna jengo lenye kibao mlangoni. Hakuna. Kuna meza ya nyuma katika hoteli moja ya Kondele ambako mwenye hoteli hatufukuzi Jumamosi mchana mradi chai iendelee kuagizwa. Hatuna jina wala cheti cha usajili. Kuna mimi. Kuna kijana wa Nyalenda anayechora kwa kidole kwenye simu iliyopasuka kioo. Anatumia programu ya ibisPaint, na ufa wa kioo unapita katikati ya kila uso anaouchora, kwa hiyo amejifunza kuisogeza picha kushoto na kulia ili jicho lisikae ufani. Kuna mzee wa Manyatta tunayemwita Jaduong', aliyekuwa akiandika mabango ya maduka kabla mashine za kukata stika hazijaingia mjini. Huyo akishika brashi bapa anaandika neno "KINYOZI" bila rula, na herufi zinasimama sawa kama askari wa gwaride. Na kuna binti anayesoma Maseno, ambaye ndiye mwandishi na mchoraji wa hiki kijitabu kilichotoka miguu juu.

Jaduong' ndiye maktaba yetu. Ana sanduku la bati lenye magazeti ambayo mke wake ameshatishia kuyawashia jiko mara kadhaa. Humo mna vipande vya Juha Kalulu wa Edward Gitau, vilivyokatwa kutoka Taifa Leo. Nami nilijifunza kusoma Kiswahili kwa huyo Juha. Baba alifanya kazi ya reli. Akirudi na gazeti, wakubwa waligombania habari za mpira, mimi nikisubiri Juha. Gitau alimchora tangu miaka ya 1950, akiwa na masaibu yale yale ya mtu anayejiona mjanja na dunia inakataa kumpa haki ya ujanja wake. Sijui kama kuna mhusika wa katuni Kenya aliyeishi muda mrefu kumzidi. Wakati huo nilidhani Juha ni mtu wa Kisumu, kwa sababu jirani yetu mmoja alifanana naye hadi mwendo.

Mna pia nakala ya Pichadithi isiyo na jalada. Terry Hirst, Mwingereza aliyehamia hapa akawa mtu wa hapa, ndiye yule aliyeanzisha jarida la Joe mwaka 1973 pamoja na Hilary Ng'weno. Baadaye, kwenye Pichadithi, akazifanya ngano za makabila yetu kuwa hadithi za picha. Binti wa Maseno alipoishika ile nakala mara ya kwanza hakusoma maneno. Alikaa robo saa akitazama jinsi Hirst alivyochora nyasi. Mkwaruzo mmoja, unaanza mnene unaisha mwembamba, basi. "Mimi ninachora nyasi mojamoja kama ninayezihesabu," akalalamika.

Na kijana wa Nyalenda ni zao la Shujaaz. Ile katuni iliyoanza 2010, ya bure, iliyokuja ndani ya gazeti na pia kwenye vibanda vya M-Pesa, na DJ Boyie akitangaza redio yake ya kificho kwa Sheng. Shujaaz ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012, ikarudia 2014, lakini kijana hakujua habari hizo mpaka nilipomwambia. Alichojua ni kwamba mama wa M-Pesa pale kwao alikuwa anamwekea nakala moja chini ya kaunta, kwa masharti kwamba amchotee maji.

Hiyo ndiyo shule yetu. Wakati mimi nasoma, uchoraji ulikuwa umeshaondolewa kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na kisichokuwa kwenye mtihani mwalimu hakukigusa. Kipindi cha sanaa tulikuwa tukifanyia hesabu.

Tunaishije? Kwa kuchora visivyochekesha. Mji huu umejaa mashirika, na kila shirika lina ugonjwa wake: malaria, kipindupindu, kunawa mikono, maji ya ziwa. Yanalipa vizuri kuliko gazeti lolote litakavyowahi kukulipa, ila yanalipa yakipenda. Mwaka fulani nilipewa kazi ya bango la malaria. Nikamchora mbu amevaa koti, ana mkoba kwapani, anabisha hodi usiku kama mtu aliyekuja kudai mkopo. Kila niliyemwonyesha alicheka. Ofisini wakasema mbu anapendeza mno, watoto watampenda. Nikamvua koti. Wakasema bado ana tabasamu. Nikamwondolea mdomo, sasa akawa wa kutisha, wakasema atawaogofya akina mama. Marekebisho ya tano tukakubaliana mbu asiwepo kabisa. Bango likachapwa na mama, mtoto na neti, wote watatu wanatazama mbele kama picha ya kitambulisho. Malipo yalikuja baada ya miezi minne. Sikatai, yalilipa karo ya mdogo wangu. Lakini yule mbu wa mkoba bado ninaye kwenye daftari, na kila nikimwona namwonea huruma.

Kazi ya vitabu vya shule nayo ipo, hasa tangu mtaala mpya uanze kutaka picha kila ukurasa. Nikifika hapo sina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba mhariri mmoja asiyewahi kuliona ziwa alinirudishia mchoro akitaka mvuvi wangu avue samaki "anayeonekana zaidi kama samaki". Nilikuwa nimechora mbuta. Alichokuwa nacho kichwani, nadhani, ni papa.

Ndiyo maana kile kijitabu kilikuwa na uzito kwetu. Hakikuwa na mfadhili, hakikufundisha kunawa mikono. Kilikuwa cha kucheka tu.

Hadithi yenyewe imetoka kwa Lwanda Magere, na mtu wa huku hahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine: Lwanda Magere alikuwa shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki ya Walang'o, yaani Wanandi, ilimgonga ikaanguka. Wakampa mke kwa hila. Siku moja akaugua, na mke alipotaka kumchanja ampake dawa wembe haukupenya. Ndipo akamwambia achanje kivuli. Kivuli kikatoa damu. Mke akatoroka usiku akawapelekea ndugu zake siri, na vitani wakakichoma kivuli. Lwanda akaanguka, akawa jiwe kweli, na jiwe lenyewe liko Kano mpaka leo.

Binti akamgeuza kuwa dereva wa tuktuk. Askari wa kanjo, yaani wa serikali ya mji, wamemshindwa. Wakimkamata anaponyoka, wakifunga gurudumu mnyororo anaondoka na mnyororo. Mpaka mmoja wao anagundua kwamba ukikanyaga kivuli cha ile tuktuk saa saba mchana, tuktuk inasimama. Wanaanza kufunga vivuli minyororo. Vivuli vinatozwa faini. Mama mboga anaambiwa kivuli chake kimekaa barabarani bila kibali. Nilipousoma mswada mara ya kwanza nilimwaga chai.

Ukurasa wa 15 hauna maneno. Soko zima linaonekana kutoka juu, na juu yake limelala giza moja kubwa: kivuli cha mtu mwenye tumbo, amesimama mahali nje ya picha, hatumwoni. Nyanya, mitumba, watoto, tuktuk, vyote viko ndani ya hicho kivuli. Uso haupo.

Alikimaliza Desemba 2024. Kama uliishi Kenya mwezi huo unajua vivuli vilikuwa na maana gani. Gideon Kibet, mwanafunzi wa Egerton kule Njoro, anayejulikana mitandaoni kama Kibet Bull, alikuwa amejaza simu za watu na michoro ya rais iliyokuwa nyeusi tupu, umbo bila uso, na kila mtu akijua ni nani. Tarehe 24 mwezi huo alitekwa jijini Nairobi, muda mfupi baada ya kutoka ofisi ya Okiya Omtatah, seneta wa Busia. Ndugu yake alikuwa amechukuliwa siku chache kabla. Kuna wengine pia, vijana watupu. Polisi walisema hawahusiki. Krismasi ile ilipita watu wakihesabu siku.

Nitoke nje ya barabara kidogo. Kwa miaka mingi nchi hii wachoraji wa magazeti hawakuthubutu kuchora uso wa rais. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndipo nyuso zikaanza kutokea, na kizazi cha akina Maddo na Gado kikatuzoesha hadi tukadhani haki hiyo ilikuwepo tangu Adamu. Haikuwa bure hata kwao: Januari 2015 katuni ya Gado kuhusu rais wa Tanzania ilifuatiwa na gazeti la The EastAfrican kupigwa marufuku huko, na 2016 mkataba wake na Nation ukafika mwisho. Ninachojaribu kusema ni kwamba tulipigania uso kwa miaka, tukaupata, halafu kijana wa Njoro akautupa uso kabisa akachora umbo lake tu, na umbo likauma kuliko pua kubwa yoyote niliyowahi kuichora. Nimelifikiria sana hilo kama fundi. Uso unaweza kuubishia, ukasema sifanani naye. Kivuli utakibishiaje?

Kibet aliachiliwa tarehe 6 Januari 2025. Alitupwa Luanda. Ndiyo, Luanda hii ya Vihiga, kwenye barabara ya Busia. Kutoka Maseno ni hatua chache za matatu. Binti wetu kwao ni mbele kidogo ya hapo. Luanda ndipo anaposhuka kununua ndizi akienda nyumbani wikendi. Jaduong', ambaye hana mzaha na majina, alisema tu: "Lwanda. Jiwe." Kwa Kijaluo ndilo neno lenyewe. Hakuongeza.

Wiki hiyo hiyo baba yake binti aliona kurasa kwenye meza. Binti alinihadithia mazungumzo yao akicheka, lakini kile kicheko cha mtu anayekupima.

"Mwanangu, hiki kivuli ni cha nani?"

"Cha mtu yeyote, baba."

"Basi mpe uso wa mtu yeyote."

Nimewahi kukaa kwenye vikao vya wahariri, nimesikia mijadala ya udhibiti na uhuru ikipambwa kwa maneno makubwa, na sijasikia agizo lililonyooka namna hiyo. Mzee hakusema futa. Hakusema usichore. Alitaka tu kivuli kiwe na mwenyewe ambaye si yule.

Jumamosi iliyofuata tulibishana mpaka chai ya pili. Kijana wa Nyalenda alitaka kivuli kitoke ukurasa wa 15 kiende kwenye jalada. Ana miaka 19. Mwaka 2024 alikuwa barabarani mwezi Juni akiandamana na wenzake, na hofu anaiona kama nguo ya watu wazima. Jaduong' alisema mtoto wa mtu si bango. Mimi, na sioni fahari kulisema, nilipendekeza tumpe kivuli kofia ya askari wa kanjo, ili mtu akiuliza tuseme ni kanjo. Binti akaniangalia vile unavyomwangalia mtu aliyekuletea mbu bila mdomo.

Uamuzi ukawa wake. Hakuna uso, hakuna kofia. Kivuli kibaki pale pale, ukurasa wa 15, ndani kabisa, ambako ni yule aliyenunua na kusoma mpaka mwisho ndiye atakayekiona. "Anayepekua tu hatafika huko," akasema. Jalada likabaki la tuktuk na nyanya, la kuchekesha. Baba yake aliambiwa hivyo akanyamaza, na kimya hicho tukakihesabu kuwa ruhusa.

Ilituchukua muda mrefu kupata zile 1,600. Ndipo sasa, Jumapili ile, nimesimama kwenye saiba nimeshika kitu ambacho mashine imekichukua kutoka maficho na kukiweka mlangoni, miguu juu.

Nilimpigia binti simu. Kimya kirefu. Kisha: "Kurasa zingine je?" Nikampa hesabu: baada ya wa 15, wa 13, kisha wa 11, zote zimepinduka, na zile za witiri upande wa kulia ziko sawa mpaka katikati. Akauliza nani atalipa. Jamaa wa saiba, aliyekuwa akisikiliza, akasema atakubali kurudia kwa nusu bei. Haki kabisa, kwa maoni yangu, ingekuwa bure, lakini nilijua kodi ya kile kibanda chake.

Jaduong' ndiye aliyesema twende navyo Kibuye hivyo hivyo. Jumapili Kibuye ni bahari. Mitumba, vitanda, kuku, vyuma, watu kutoka Siaya na Vihiga na Nandi wamebanana. Alitandaza gunia karibu na wauza viatu akaandika kwa chaki kwenye ubao: KITABU CHA KUZUNGUSHA 50/=. Nikamwambia huo ni uongo. Akasema uongo uko wapi, utakisoma bila kukizungusha?

Tuliuza 17. Konda mmoja wa matatu ya Busia alifungua, akakutana na kivuli kichwa chini, akageuza kitabu, akakitazama. Hakucheka. Akanitazama mimi. Akatoa 50, akakikunja akakitia mfuko wa nyuma, akaondoka bila kusoma kurasa nyingine. Mama wa mitumba alinunua kwa sababu ya jalada. Nyanya zilizomwagika zilimkumbusha mtu anayemdai.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni watoto wake wawili. Walikaa chini pembeni ya marundo ya suruali, uso kwa uso, magoti yanagusana, kijitabu kimelala katikati yao. Mkubwa alisoma upande wake: ukurasa wa 3, wa 5, wa 7. Mdogo, kwa kuwa alikaa ng'ambo, kwake kilichopinduka kilikuwa kimesimama: wa 15, wa 13, wa 11. Mmoja akaenda mbele, mwingine akarudi nyuma, kwenye karatasi zile zile. Wakafika katikati wakaanza kugombana. Mkubwa akasisitiza tuktuk ilisimama kwa sababu kivuli kilikanyagwa. Mdogo akakataa: kivuli kikubwa kilikuja kwanza, kikafunika soko, ndiyo maana kila mtu baadaye anakamatwa. Alikuwa na ushahidi, akafungua akaonyesha. Mama yao akawaambia wanyamaze, kuna mteja.

Nilimweleza binti hayo jioni, nikijipendekeza kidogo, nikasema labda tuache vile vilivyo, labda mashine ilikuwa na akili kutuzidi. Hakutaka kusikia. Alinikumbusha kwamba alichora ukurasa wa 2 mara nne ili jicho la msomaji lianguke mahali fulani, na halijaanguka hapo kwa mtu hata mmoja. Baba yake alikuwa ameshapata nakala, sijui kwa nani; alimpigia kumuuliza kwa nini kivuli sasa kiko mwanzo. Alipomweleza ni kosa la mashine, mzee alicheka mpaka simu ikakatika.

Vile 23 vilivyobaki viko kwenye sanduku la Jaduong', pamoja na Juha Kalulu. Jumatatu binti alishuka mjini na matatu ya kwanza. Mbele ya kaunta ya saiba alichukua karatasi 4 tupu, akazikunja, akazipa namba 1 mpaka 16 kwa penseli, na kila ukurasa akachora kishale kidogo kinachoonyesha juu ni wapi. Akampa jamaa. Jamaa akazifungua moja moja, akazigeuza, midomo yake ikihesabu bila sauti, kisha akauliza kama anaweza kubaki nazo.